Landsteiner: Tabibu aliyefumbua fumbo la damu iliyoponya na kuua

KILA mwaka ifikapo Juni 14, mataifa ya ulimwengu huadhimisha Siku ya Wachangiaji Damu. Hotuba husomwa, mabango huning'inizwa, na vijana kwa wazee hupiga foleni wakisubiri zamu ya kunyosha mkono na kudungwa sindano. Si wengi miongoni mwao wanaofahamu kwamba tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndiyo siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, tabibu wa Austria ambaye bila yeye huenda kazi ya kumwongezea mgonjwa damu ingalikuwa bado ni mchezo wa bahati nasibu.

Ili kuyapima makuu aliyoyatenda msomi huyu, yafaa tuanze na giza alilolikuta.

Mnamo 1667, tabibu mmoja wa Ufaransa, Jean-Baptiste Denys, alimtia kijana damu ya mwana-kondoo, na kijana huyo akanusurika. Mafanikio hayo yalimpa moyo. Baadaye mwaka huo alimtia damu ya ndama mtu aliyeitwa Antoine Mauroy, ambaye alikuwa amerukwa na akili. Mara ya kwanza hapakutokea jambo kubwa. Mara ya pili mambo yakaharibika: mgonjwa alitokwa jasho jingi, akalalamikia maumivu makali ya mgongo, akatapika, na siku iliyofuata mkojo wake ukawa mweusi kama masizi. Baada ya jaribio jingine mapema 1668, Mauroy aliaga dunia. Kesi ilifika mahakamani, na ijapokuwa Denys aliondolewa lawama, hofu ilikwisha kutanda. Punde si punde shughuli hiyo ilipigwa marufuku nchini Ufaransa na kwa muda wa karne moja na nusu hivi ikasahaulika.

Aliyeifufua alikuwa James Blundell, mkunga na mwalimu wa tiba jijini London, ambaye alichoshwa na kuwaona kina mama wakivuja damu hadi kufa baada ya kujifungua. Kuanzia 1818 alitumia damu ya binadamu badala ya ile ya mnyama. Baadhi ya wagonjwa wake walifufuka kama taa iliyoongezwa mafuta. Wengine walipigwa na baridi, wakatetemeka, wakakojoa damu na kufariki. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini damu ile ile iliyompa uhai huyu ilikuwa sumu kwa yule. Fumbo hilo ndilo alilolirithi Landsteiner.

Alizaliwa Juni 14, 1868 katika mji wa Baden, karibu na Vienna, akiwa mtoto wa pekee. Baba yake, Leopold, alikuwa mwanahabari na mhariri mashuhuri wa magazeti, lakini hakuishi kumwona mwanawe akikua. Alifariki Karl akiwa na umri wa miaka sita hivi. Malezi yote yakamwangukia mama, Fanny, na baina ya wawili hao ukazuka upendo ambao kifo hakikuweza kuuvunja. Mama huyo alipofariki mwaka wa 1908, mwanawe alihifadhi sanamu ya uso wake na kuitundika ukutani chumbani mwake maisha yake yote.

Landsteiner alihitimu shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka wa 1891. Daktari kijana wa wakati huo angalitafuta wadi yenye wagonjwa na jina la kumletea riziki. Yeye alifunga safari akaenda kujifunza kemia nchini Ujerumani na Uswisi, na miongoni mwa walimu wake akawamo Emil Fischer, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Aliamini kwamba siri za maradhi zimefichwa katika viini vidogo vya mwili, na kwamba asiyejua kemia hawezi kuzifikia.

Aliporejea Vienna alifanya kazi kwanza katika taasisi ya usafi wa afya, kisha kuanzia 1898 akahamia taasisi ya uchunguzi wa maiti iliyoongozwa na Anton Weichselbaum. Huko alidumu miaka kumi na kupasua maiti zaidi ya 3,600. Haikuwa kazi ya kuonewa kijicho. Mchana alishinda na wafu, na saa zilizobaki alijifungia maabarani akichunguza damu ya walio hai. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, asiyependa makundi ya watu, na ambaye mapumziko yake makuu yalikuwa kupiga piano.

Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba damu ya mnyama wa aina moja ikichanganywa na ya mnyama wa aina nyingine, chembe huharibika. Mwaka wa 1875, Mjerumani Leonard Landois alikuwa ameonyesha jambo hilo waziwazi. Kuhusu damu ya binadamu kwa binadamu, wataalamu wengi walishikilia kwamba ni moja, na kwamba chembe zikionekana kugandamana hiyo ni dalili ya ugonjwa tu.

Landsteiner hakuridhika. Mwaka wa 1900, katika tanbihi ndogo chini ya makala yake ya kitaalamu, alidokeza kwamba hali hiyo huonekana hata kwa watu wenye afya njema. Ndipo akafanya jaribio ambalo wepesi wake unashangaza hadi leo. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake watano wa maabarani. Akatenganisha chembe nyekundu na majimaji ya damu ya kila mmoja, kisha akachanganya majimaji ya huyu na chembe za yule, akirudia hadi kila mmoja akawa amekutanishwa na mwingine. Katika baadhi ya michanganyiko hakuna kilichotokea. Katika mingine chembe zilishikamana, zikafanya mabonge yaliyoonekana kwa macho.

Alipoyapanga matokeo kwenye jedwali, mpangilio ukajitokeza. Watu wale hawakuwa wa aina moja wala wa aina sita. Walikuwa wa makundi matatu, ambayo aliyaita A, B na C. Kundi hilo la tatu ndilo tunaloliita O siku hizi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka wa 1901, na mwaka uliofuata wenzake, Alfred von Decastello na Adriano Sturli, wakagundua kundi la nne, AB, ambalo ni la watu wachache na ndiyo sababu halikuonekana katika jaribio la watu sita.

Maana yake ilikuwa hii. Juu ya chembe nyekundu za kila mtu kuna alama zinazotambulisha kundi lake. Mwenye kundi A ana alama ya A, mwenye B ana ya B, mwenye AB ana zote mbili, na mwenye O hana hata moja kati ya hizo. Majimaji ya damu nayo hubeba askari wa kinga wanaoishambulia alama ambayo mwenyewe hana. Mtu wa kundi O akitiwa damu ya kundi A, askari wake huzivamia chembe ngeni na kuzipasua zikiwa ndani ya mishipa. Yaliyomo humwagika, shinikizo la damu hushuka ghafla, figo huelemewa, na mkojo hubadilika rangi ukawa mwekundu au mweusi. Miaka zaidi ya 230 baadaye, masizi katika mkojo wa Mauroy yakawa yamepata maelezo.

Mwishoni mwa makala hayo ya 1901, Landsteiner alitaja kwa sentensi chache kwamba huenda ugunduzi wake ukaeleza kwa nini wagonjwa wanaoongezwa damu hupata matokeo yanayotofautiana. Kwa ulimi wa leo tungesema alikuwa ameukabidhi ulimwengu ufunguo. Ulimwengu haukuupokea. Madaktari wa upasuaji wa zama hizo walikuwa na shida nyingine: damu iliganda kwenye mirija kabla hata haijamfikia mgonjwa, na wachache tu ndio waliojaribu shughuli hiyo. Tanbihi na majedwali ya mpasua maiti wa Vienna hayakuwashughulisha.

Ilikuwa hadi 1907 ambapo Reuben Ottenberg, tabibu wa New York, alipoanza kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji kabla ya kumwongezea mgonjwa. Mnamo 1914 na 1915, watafiti wa Ubelgiji, Argentina na Marekani wakaonyesha kwamba chumvi ya sitrati huzuia damu kuganda nje ya mwili. Mambo hayo mawili yalikutana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kufikia 1917, damu ya kundi O ilikuwa ikihifadhiwa katika chupa nyuma ya uwanja wa vita kwa ajili ya majeruhi. Kati ya ugunduzi na matumizi yake palikuwa pamepita miaka mingi, na katika miaka hiyo kuna wagonjwa waliokufa ilhali dawa ya kosa lililowaua ilikwisha kuchapishwa.

Landsteiner mwenyewe hakukaa akingoja sifa. Mwaka wa 1904, akishirikiana na Julius Donath, alieleza chanzo cha maradhi yanayomfanya mgonjwa akojoe damu baada ya kupigwa na baridi. Mwaka wa 1908, akiwa na Erwin Popper, aliwaambukiza nyani ugonjwa wa polio kwa kutumia uti wa mgongo wa mtoto aliyefariki kutokana na maradhi hayo, na hivyo kuonyesha kwamba ugonjwa huo huletwa na kitu kidogo kuliko bakteria. Utafiti wa virusi vya polio ulianzia hapo.

Alifunga ndoa akiwa amekwisha pita umri wa miaka 40. Mwaka wa 1916 alimwoa Helene Wlasto, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume, Ernst. Furaha ya nyumba hiyo ilikuja wakati mbaya. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, himaya ya Austria ilikuwa imesambaratika na Vienna imejaa njaa. Chakula na kuni zilikuwa adimu, na maabara hazikuwa na fedha. Mtu ambaye ugunduzi wake ulikuwa umewaokoa askari wa majeshi mbalimbali hakuwa na uhakika wa kuilisha familia yake.

Mwaka wa 1919 alihamia The Hague nchini Uholanzi, akaajiriwa katika hospitali ndogo ya Kikatoliki. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kawaida mno kwa msomi wa hadhi yake, ukiwemo upimaji wa mikojo na damu wa kila siku. Hata hivyo, katika chumba hicho kidogo aliendelea kuandika makala za utafiti. Mwaka wa 1923 Taasisi ya Rockefeller ya jijini New York ilimpa nafasi, akavuka bahari pamoja na familia yake. Akawa raia wa Marekani mwaka wa 1929.

Huko New York, yeye na Philip Levine waligundua alama nyingine za damu, M, N na P, mwaka wa 1927. Mwaka wa 1930 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa ugunduzi wa makundi ya damu, miaka 29 baada ya kuuchapisha. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba yeye binafsi alizithamini zaidi kazi zake za kemia ya kinga ya mwili, na kwamba umaarufu ulimkera kuliko ulivyompendeza.

Sura ya mwisho ya utafiti wake ilianza kwa mkasa. Mwaka wa 1939, Levine na Rufus Stetson walieleza kisa cha mwanamke aliyejifungua mtoto mfu jijini New York, akapoteza damu, na akaongezwa damu ya mumewe. Wote wawili walikuwa wa kundi O. Kwa mujibu wa elimu ya siku hizo hapakuwa na hatari yoyote. Lakini muda mfupi baadaye mwanamke huyo alishikwa na baridi na maumivu, kisha akakojoa damu. Kumbe palikuwa na alama nyingine iliyokuwa haijapata kujulikana.

Mwaka wa 1940 Landsteiner, sasa akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na amekwisha kustaafu rasmi, alitangaza yeye na Alexander Wiener kwamba wameipata. Walikuwa wamewadunga sungura damu ya tumbili aina ya rhesus, na majimaji yaliyotokana na sungura hao yakagandisha damu ya takriban watu 85 kati ya kila 100 wa asili ya Kizungu waliopimwa. Alama hiyo wakaiita Rh. Yule mama hakuwa nayo. Mtoto alikuwa ameirithi kutoka kwa baba, mwili wa mama ukajenga silaha dhidi yake, na damu ya mume ilipoingia ikashambuliwa. Tangu hapo ikaeleweka pia kwa nini baadhi ya kina mama walizaa mtoto wa kwanza salama kisha wakapoteza waliofuata. Dawa ya kuwakinga ilipatikana katika miaka ya 1960.

Landsteiner aliendelea kwenda maabarani hadi mwisho. Mnamo Juni 24, 1943, akiwa kazini, alipatwa na mshtuko wa moyo. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa ametimiza miaka 75 majuma mawili tu kabla. Mkewe alimfuata mwaka huo huo. Wamezikwa kisiwani Nantucket, pwani ya Marekani. Austria, iliyomwacha aondoke na njaa, iliiweka sura yake kwenye noti ya shilingi 1,000 mwaka wa 1997.

Je, urithi wake umekomea katika noti na maadhimisho? La hasha. Urithi huo huonekana kila mara muuguzi anaposimama kando ya kitanda na kumwuliza mgonjwa jina lake ijapokuwa anamjua, kisha akalinganisha jina, nambari na kundi lililoandikwa kwenye mfuko. Baadhi ya wagonjwa hulichukulia swali hilo kama usumbufu. Ukweli ni kwamba ajali mbaya za damu katika zama hizi mara nyingi hazitokani na ukosefu wa elimu. Hutokana na kosa la kibinadamu: kibandiko kilichobadilishwa, sampuli ya mgonjwa wa kitanda kingine, majina yanayofanana wodini.

Elimu ya Landsteiner ndiyo pia inayomfunza mhudumu kuzitambua dalili. Dakika 15 za kwanza ndizo za kuangaliwa zaidi, kwani damu isiyolingana huweza kudhuru hata ikiingia kiasi kidogo. Joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na pumzi hupimwa kabla ya kuanza na hurudiwa mara kwa mara. Mgonjwa akianza kutetemeka, akapata homa, akalalamikia maumivu ya mgongo, kifua au mahali sindano ilipoingia, au akasema tu kwamba anahisi jambo baya linamjia, maneno yake hayapaswi kupuuzwa. Kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi wa upasuaji, asiyeweza kusema lolote, dalili huweza kuwa kushuka kwa shinikizo la damu, kuvuja damu kusikozuilika au mkojo kubadilika rangi.

Hatua ya kwanza ni moja kwa kila hali inayotia shaka: damu isimamishwe mara moja. Mshipa huachwa wazi kwa maji ya chumvi kupitia mrija mpya, daktari huitwa, majina hukaguliwa upya, na mfuko pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo hurejeshwa maabarani. Kuutupa mfuko ni kuutupa ushahidi.

Si kila dalili huashiria msiba. Homa ndogo au upele unaowasha huenda ukawa mzio wa kawaida unaotulizwa kwa dawa. Lakini homa hiyo hiyo yaweza kuwa ishara ya damu iliyoingiwa na bakteria, na upungufu wa pumzi waweza kumaanisha kwamba mapafu yamejaa maji, hasa kwa mtoto mchanga, mzee au mwenye moyo dhaifu aliyetiwa damu haraka kupita kiasi. Kuna pia madhara yanayojificha. Mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa buheri wa afya, kisha baada ya siku kadhaa, hata majuma mawili, macho yake yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi na damu ikapungua tena. Waliowahi kuongezwa damu mara nyingi, kama vile wagonjwa wa selimundu, na kina mama waliozaa mara kadhaa, wamo katika hatari zaidi. Wanapaswa kumwarifu daktari kila wanapotakiwa kuongezwa damu tena.

Kwetu Kenya somo hili si la mbali. Watoto wanaopungukiwa na damu kwa sababu ya malaria na kina mama wanaovuja damu wakijifungua ni miongoni mwa wanaoihitaji zaidi. Mlipuko wa bomu jijini Nairobi, Agosti 7, 1998, ulidhihirisha jinsi taifa lilivyohitaji akiba ya damu iliyo salama, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 huduma ya kitaifa ya damu ikaundwa. Damu inayotolewa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina za B na C, pamoja na kaswende. Hata hivyo, vipimo hivyo vyote haviwezi kumwokoa mgonjwa aliyetundikiwa mfuko wa mwenzake.

Karl Landsteiner hakuwahi kuwa daktari wa kupendwa wodini wala mhutubu wa kushangiliwa. Alikuwa mtu aliyeona mabonge madogo ndani ya kijaluba cha kioo, akakataa kuamini kwamba ni jambo la hivi hivi. Waliomtangulia walizishuhudia dalili zile zile kwa miaka mingi: baridi, maumivu ya mgongo, mkojo mweusi. Wao waliziona wakapita. Yeye aliuliza kwa nini. Kila anayekaa leo kando ya mgonjwa anayeongezwa damu, awe muuguzi au jamaa aliyeleta uji, ana wajibu wa kuuliza swali hilo hilo, tena mapema, mfuko ukiwa ungali umejaa.